Wikendi ya gofu ziwani ni poa, lakini si kwa Fuliza

Grupu letu la WhatsApp lilikuwa na watu wanane. Ijumaa moja usiku mweka hazina wetu akatuma bajeti ya safari ya gofu, na kabla ya saa nne tukawa saba. Hakuna aliyetukana wala kulalamika. Yalikuja tu yale maandishi madogo katikati ya skrini, kwamba fulani ametoka kwenye grupu. Mtu akatuma emoji ya kucheka. Mwingine akauliza kama nyama itakuwa ya mbuzi au ya kuku. Stori zikaendelea.

Aliyetoka ni beste wetu tangu darasa la tatu. Ni mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi, hawa tunaowaita walimu wa JSS, na shule yake iko upande wa Nyamira. Mpango huo ulipoanza mwaka wa 2023, malipo yalikuwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na yeye yuko hapo hapo. Bajeti yetu ya siku mbili ilikuwa Sh20,500.

Sitaki kuandika hapa kama mtu msafi. Bajeti ile niliipigia makofi. Tena malipo yangu ya awali, Sh3,000, niliyatoa kwa Fuliza, halafu nikaandika kwenye grupu "nimetuma, wengine mko wapi?" Nilitaka nionekane. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze, sisi vijana wa Kisii na Nyamira tuliopata kazi juzi na tunaotaka kuishi kama tunavyoona kwenye simu. Wikendi ya gofu si kitu kibaya. Tatizo ni jinsi tunavyoipanga.

Tulivyopanga

Wazo lenyewe lilikuwa tamu. Mmoja wetu anayefanya kazi benki alikuwa amealikwa kwenye shindano la gofu la kampuni, akarudi na picha. Nyasi zimekatwa kama zulia, ziwa kwa mbali, milima nyuma. Akasema, wakuu, hii ndiyo maisha. Akatutajia Naivasha.

Na kweli Naivasha ni kuzuri. Ziwa lenyewe liko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na ndilo lililo juu zaidi kati ya maziwa ya Bonde la Ufa hapa Kenya. Kwenye miteremko ya Eburru kuna Great Rift Valley Lodge yenye uwanja wa mashimo 18 unaotazama ziwa kutoka juu. Ukitaka gofu, mlima na ziwa kwenye picha moja, nchi hii haina pahali pengi pa kukupa vyote vitatu. Simlaumu mtu anayepatamani.

Lakini angalia hesabu yetu, na hapa nasema ya kwetu, si bei ya hoteli yoyote. Malazi usiku mbili, Sh9,000 kila mtu. Uwanja na fimbo za kukodisha, Sh4,500. Mafuta ya magari mawili kupitia Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu, Sh2,500. Nyama na vinywaji, Sh3,000. Fulana zenye jina la grupu mgongoni, Sh1,500. Jumla Sh20,500.

Sasa soma tena hiyo orodha. Kuna pesa ya fulana. Kuna pesa ya vinywaji ya kutosha kumlaza mtu chini. Lakini hakuna hata shilingi ya kedi, yaani yule kijana atakayekubebea mfuko wa fimbo kwa saa nne na kukuonyesha mpira umeangukia wapi. Tulimsahau. Wanane sote tulisoma bajeti ile, na kati yetu kuna ambao binamu zao wanafanya kazi hiyo hiyo, na hakuna aliyeona.

Na jambo la pili hatukuliona pia. Kati ya watu wanane, ni wawili tu waliokuwa wamewahi kushika fimbo ya gofu. Tulikuwa tunataka kusafiri saa tano na zaidi barabarani, kwenda kulipia mashimo 18, kwa mchezo ambao sita kati yetu tungekuwa tunapiga nyasi badala ya mpira.

Nilivyomfuata Keroka

Wiki moja baadaye nilimkuta mwalimu wetu Keroka, siku ya soko. Keroka unaijua, ule mji ambao ukisimama upande huu wa barabara uko Kisii na ukivuka uko Nyamira. Tukanunua chai na mandazi. Nikamuuliza mbona alitoka bila kusema kitu.

Akaniambia, "Ningesema nini? Ningesema sina pesa, mngesema tutakulipia. Halafu ningekuja huko nikiwa yule jamaa aliyelipiwa. Kila mtu akiagiza, mimi naangalia bei kwanza. Afadhali nitoke mapema."

Nilitaka kumjibu nikakosa. Halafu akaongeza jambo lililoniuma zaidi. "Na wewe najua hukuwa na hizo elfu tatu. Ulikuwa umeniomba mia tano Jumanne."

Hapo ndipo nilipoona tulivyo. Yeye alitoka kwa sababu hana. Mimi nilibaki na sina. Na nina hakika kati ya wale saba waliobaki, wanne walikuwa kama mimi. Tulikuwa tunaenda kuigiza utajiri mbele ya watu ambao nao wanaigiza, na gharama ya mchezo huo wa kuigiza ilikuwa rafiki mmoja wa kweli.

Fuliza na hizi app za mikopo zina kazi yake. Mtoto ameumwa usiku, umepungukiwa na mia mbili ya dawa, inakuokoa. Lakini deni linalotozwa ada kila siku halijali kama ulinunua dawa au ulipiga mpira ukaingia majini. Mwezi ukiisha linakata tu. Ukitoka kwenye starehe Jumapili na Jumatatu unaomba nauli ya kwenda kazini, hukupumzika. Ulijiongezea kazi.

Gofu si ya wazee wa tumbo tu

Najua kuna watakaosema, "Si ungesema tu gofu si ya watu kama sisi." La, sisemi hivyo. Nasema kinyume chake.

Ni kweli mchezo huu uliingia na Mwingereza. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1906, na 1935 Mfalme George wa Tano akaipa hadhi ya kuitwa Royal. Palipokuwa na afisi za serikali ya kikoloni au mashamba ya majani chai, hapakukosa klabu yenye uwanja: Kericho, Nandi Hills, Kitale, Kakamega, Kisumu na hapa kwetu Kisii. Kwa miaka mingi Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba mfuko wa mtu mwingine. Uhuru ulipokuja, mfuko ukahamia kwa mkubwa wetu, na mbebaji akabaki yule yule. Ndiyo maana hadi leo ukisema gofu, watu wanaona mzee wa suti, tenda ya kaunti na gari kubwa limeegeshwa kivulini.

Lakini mpira haumjui mzee. Mashindano ya Kenya Open yameendelea tangu 1967, na Seve Ballesteros wa Uhispania aliwahi kuyashinda mwaka wa 1978. Wakenya wengi wanaocheza gofu ya kulipwa leo hawakutoka kwenye familia zenye uanachama. Walianza kwa kubeba mifuko, wakawa wanapiga mipira jioni wenyewe wakiondoka. Muulize yeyote anayefuata mchezo huu magharibi mwa Kenya kuhusu Dismas Indiza wa Mumias, atakueleza kama unavyoelezwa kuhusu mchezaji wa Shabana.

Na kwa kuwa nimeitaja Shabana: timu hiyo iliporudi Ligi Kuu 2023 baada ya miaka 17 nje, Gusii Stadium ilijaa watu wa kila aina. Bodaboda, daktari, mama wa ndizi, mwanafunzi, wote wakiimba Tore Bobe. Hakuna aliyeuliza payslip ya mwenzake. Mpira wa miguu umetufundisha kukaa pamoja bila kuangaliana mifuko. Gofu haijafika hapo, na haitafika kama sisi vijana tunaoingia sasa tunaingia na tabia zile zile za waliotufungia mlango.

Niliwahi kusimamishwa kwenye geti la klabu moja, sitaitaja na haiko hapa kwetu. Askari aliniangalia viatu, akaniuliza nimekuja kumwona nani. Nilikuwa nimealikwa, lakini jinsi alivyouliza nilijikuta nikijieleza kama mwizi. Niliapa siku ile sitamfanyia mtu hivyo. Kumbe kuna njia ya kumsimamisha mtu getini bila geti wala askari. Unatuma tu bajeti kwenye grupu.

Handikapu ya mfuko

Gofu ina kitu kimoja kizuri ambacho michezo mingi haina. Inaitwa handikapu. Mchezaji dhaifu anapewa mapigo ya ziada ili aweze kushindana na aliye hodari. Tangu 2020 dunia nzima imeanza kutumia mfumo mmoja wa handikapu, na anayeanza anaweza kupewa hadi 54. Maana yake ni kwamba mimi ninayepiga nyasi ninaweza kucheza na bingwa wa klabu, na siku ikiwa yangu, nikamshinda kihalali. Hakuna anayeona aibu kutaja handikapu yake. Inaandikwa kwenye kadi.

Basi kwa nini mchezo tunaokwenda kuucheza unampa aliye chini nafasi, lakini bajeti ya kuufikia inamnyima?

Pendekezo langu ni rahisi. Kabla ya kutaja hoteli, mweka hazina amwandikie kila mtu faraghani, si kwenye grupu, na amuulize swali moja: wikendi hii unaweza kutoa shilingi ngapi bila kukopa? Asiulize "unataka kutoa". Aulize unaweza, bila kukopa. Majibu yakirudi, achukue lile la chini kabisa. Hilo ndilo linalotuambia tunaenda wapi. Kama la chini ni Sh3,000, tunapanga safari ya Sh3,000. Kama waliobarikiwa wanataka kuongeza, waongeze kwenye vitu vya wote, kama mafuta na chakula, na wamtumie mweka hazina kimya kimya. Jina lisitajwe. Anayetaka kinywaji cha bei anunue cha kwake.

Hivyo hakuna mtu wa kulipiwa na hakuna mtu wa kuonewa huruma. Kuna safari tu ambayo kila mmoja anaweza.

Na kedi awe kwenye bajeti kutoka siku ya kwanza, juu, kabla ya nyama.

Tuanzie nyumbani

Sasa utaniuliza, gofu ya Sh3,000 iko wapi? Tuanze na tulicho nacho.

Kisii Sports Club iko mjini, na ina uwanja wa gofu wa mashimo 9. Kwa mtu anayeanza, mashimo 9 ni mengi tayari. Watu wanne wageni wa mchezo watachukua saa mbili hadi tatu, na wakifika shimo la mwisho mikono inauma. Usisome bei kwenye mtandao ukaziamini. Piga simu klabu yenyewe, uliza ada ya mgeni siku ya wikendi, uliza kama lazima uandamane na mwanachama, uliza kama kuna fimbo za kuazima na kedi analipwa ngapi. Uliza pia kama kuna shindano siku hiyo, maana ukikuta shindano utarudi nyumbani na picha ya geti.

Usinunue vifaa. Sheria inaruhusu fimbo 14 kwenye mfuko, lakini anayeanza akiwa na tano anatosheka, na wawili wanaweza kutumia mfuko mmoja klabu ikikubali. Vaa shati la kola na suruali ya kitambaa, uiache jeans nyumbani. Viatu vya raba visivyo na meno vitakutosha siku ya kwanza kama klabu haikatai.

Halafu mvua. Wewe ni wa huku, hii huhitaji kuambiwa, lakini bajeti ya wanaotoka Nairobi huwa haiijui. Milima ya Gusii hupata mvua karibu mwaka mzima, na ya kwetu hupenda kuja alasiri. Anza kucheza saa moja au saa mbili asubuhi, umalize kabla ya saa sita. Na hapa sifanyi mzaha: radi ya Kisii na Nyamira inaua watu. Ukisikia ngurumo, acha fimbo, acha mpira, toka uwanjani uingie kwenye nyumba au gari. Usisimame chini ya mti mmoja peke yake katikati ya uwanja na mwavuli mkononi. Hakuna picha inayostahili hiyo.

Uzuri mwingine ni kwamba mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya milimani ni nyepesi, mpira unaenda mbali kidogo kuliko Mombasa. Kwa hiyo ukipiga ukaona umetishia, furahi tu, lakini ukifika Pwani usibishane na watu.

Ukishacheza, kula. Ukiwa Kisii huna sababu ya kutafuta menyu yenye majina magumu. Ugali wa wimbi, chinsaga iliyolazwa na maziwa, kuku wa kienyeji, ndizi. Sisi tuliokulia kwenye hivi vyakula ndio tunaokimbia kwenda kulipia viazi vya kukaanga Naivasha.

Na ziwa je?

Gusii haina ziwa la milimani, na sitakudanganya. Tuna Manga, ule ukingo mrefu wa mawe kati ya Kisii na Nyamira, ambapo ukisimama jioni unaona mabonde yameenea hadi macho yachoke, na siku ya anga safi unaona upande wa Ziwa Victoria. Kupanda ni bure. Lakini kama lazima uguse maji, kuna Simbi Nyaima.

Unatoka Kisii, unapita Oyugis, unashuka hadi Kendu Bay katika Kaunti ya Homa Bay. Si mbali, unaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Simbi ni ziwa dogo la duara lililo kwenye shimo la volkeno. Maji yake ni ya chumvichumvi, na ukibahatika utakuta heroe wamesimama kwa miguu yao ya waridi. Halina hoteli kubwa ya kukuficha na watu. Ni wewe, upepo na wenyeji wanaochunga ng'ombe.

Wajaluo wana hadithi kuhusu ziwa hilo. Wanasema zamani pale palikuwa kijiji, na usiku mmoja watu walikuwa kwenye karamu. Akaja mwanamke mzee, amechoka, ana baridi, akaomba aingie apashe moto mwili. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha. Mgeni akamwambia achukue mume wake watoke kijijini usiku ule. Kisha mvua ikanyesha, kijiji na karamu yake vikazama, na pale pakawa ziwa.

Ukisimama ukingoni mwa Simbi na marafiki zako, hiyo hadithi haitakupita hivi hivi. Mimi ilinifanya nihesabu nani amekuja na nani hayupo.

Wanaosema niwaache watu waenjoi

Nimejaribu hoja hii kwa mabeste na nimepata majibu matatu. Yote yana uzito, kwa hiyo niyajibu.

La kwanza: "Pesa ni yangu." Sawa kabisa. Kama umefanya kazi, umelipa kodi ya nyumba, umemtumia mathe kitu kidogo, umeweka Sacco, na umebaki na elfu ishirini, nenda Eburru ukacheze mashimo 18 na ulale vizuri. Sina neno. Ninayezungumza naye ni yule anayekopa ili aende, na yule anayejua rafiki yake hana na anatuma bajeti hivyo hivyo.

La pili: "Gofu ni konekshen. Unaweza kukutana na mtu akakupa kazi." Hilo nalo ni kweli kwa kiasi fulani, na ndilo linaloniudhi. Kama kazi zinatolewa kwenye nyasi, basi sababu ya kuwaingiza vijana zaidi uwanjani ni kubwa zaidi, si ya kuwabagua. Lakini pia tuambiane ukweli. Bosi ana macho. Anamtambua anayejua mchezo na anayejua kuvaa kofia. Mtu aliyecheza Jumamosi ishirini kwenye mashimo 9 ya nyumbani atazungumza naye vizuri kuliko aliyekuja mara moja akapiga selfi 40.

La tatu: "Tumechoka na Kisii, tunataka kutoka." Hili nalielewa zaidi kuliko yote. Ukiishi mji ambao kila kona kuna shangazi anayekuuliza utaoa lini, unahitaji kupumua. Basi tutoke, lakini kwa hatua. Leo Kisii na Simbi. Baada ya miezi mitatu, tukiwa tumeweka akiba, Kericho katikati ya majani chai, au Nandi Bears kule Nandi Hills, au Nyanza Golf Club Kisumu ambako Victoria yenyewe iko karibu. Naivasha iwe ya Desemba, na iwe imelipwa kabla hatujapanda gari. Tukiweka Sh1,500 kila mwezi kuanzia Januari, kufikia Novemba kila mtu ana Sh16,500. Kwa wanane ni Sh132,000. Hiyo ni safari ya watu wazima, bila deni, na bila mtu kutoka kwenye grupu.

Neno kwa wenye viwanja

Sitamaliza bila kuwaambia wazee wa klabu, kwa heshima zote. Wagaka, uwanja ukiwa mtupu Jumanne alasiri haumnufaishi mtu. Mkitenga siku moja kwa wiki, vijana waje kwa ada ndogo, waazime fimbo, wafundishwe na makedi wenu wanaolipwa kwa kazi hiyo, mtapata wanachama wa kesho na makedi watapata kipato siku ambayo wangekaa bure. Mtoto wa shule ya umma anayepita nje ya ua kila siku aone kwamba ndani si nchi nyingine.

Na kaunti zetu mbili, zinapozungumza kuhusu talanta za vijana, zikumbuke kwamba talanta si mpira wa miguu na riadha pekee.

Mpango mpya

Nilirudi kwenye grupu nikaandika ukweli. Nikasema pesa niliyotuma ilikuwa ya Fuliza na naiomba irudi. Kwa dakika kumi hakuna aliyejibu. Kisha mmoja akaandika, "Hata yangu." Kisha mwingine. Yule wa benki mwenyewe, aliyetuletea wazo, akasema analipa mikopo miwili na alikuwa anaogopa kutuambia.

Mweka hazina akatuuliza mmoja mmoja. Jibu la chini lilikuwa Sh2,500, na sijui lilikuwa la nani. Sitauliza. Tunaenda Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Saa moja asubuhi tuko uwanjani Kisii, makedi wawili, watu wanne wanacheza na wanne wanatembea nao na kujifunza, tunabadilishana baada ya shimo la tano. Saa saba chakula. Jumapili tunashuka Simbi kwa matatu ya Oyugis. Fulana tumezifuta.

Mwalimu wetu amerudi. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa mfupi: "Nani ana shati la kola la kuniazima?"

Langu la bluu liko kwa dobi. Litakuwa tayari Ijumaa.